Jirani wa Upande wa Pili wa Mabati

Kabla hujaruhusiwa kusema neno lolote kwenye mtandao ule, unaulizwa utakaa wapi. Nilidhani wananiuliza mtaa, nikaandika Kawangware. Simu ikakataa. Ikaniletea majina mengi nisiyoyajua na kuniambia nichague mojawapo.

Fundi mwenzangu wa rangi, ambaye ndiye aliyenisukuma nijiunge, alikuwa juu ya ngazi akimalizia dari. Alinieleza kutoka huko huko juu bila kugeuka. Mitandao mingine, alisema, ni jumba kubwa la mtu mmoja. Mwenyewe akiamka vibaya anafunga geti, nanyi nyote mko nje. Huu hauna mwenyewe. Ni ploti nyingi ndogo ndogo za kupangisha, kila moja na keateka wake wa kuisimamia, geti lake na masharti yake, na baina ya ploti na ploti kuna vichochoro. Ukikaa hii unaongea na aliye kwenye ile. Keateka akikuchosha unahamia kwingine, na hakuna wa kukuuliza.

“Wewe si unapenda kuhama,” akasema. “Hii ni yako kabisa, buda.”

Hakukosea. Tangu nimalize kidato cha nne na kuja Nairobi nimekaa Gatwekera, nikakaa Kianda, zote za Kibera, nikaenda Riruta, nikarudi Kianda, na sasa niko Kawangware. Katika kila chumba nimekaa nikikiwaza kile nilichotoka. Mke wangu, aliyebaki nyumbani Magharibi, husema kwamba mimi huanza kukaa mahali siku nikishapahama. Nikipewa mchana usio na kibarua, miguu hunipeleka hadi Kibera, nikasimama mahali palipokuwa na mlango wangu wa zamani. Pale Gatwekera sasa pamepita barabara. Nasimama pembeni, watu wanadhani nangoja gari.

Basi nikachagua ploti ya watu wa pande zetu. Maelezo yaliyowekwa mlangoni yalisema keateka wake ni mama mmoja wa Riruta, na kwamba mashine inayobeba ploti nzima iko nyumbani kwake. Kulikuwa na sehemu ya kutafuta kazi, sehemu ya mpira, na sehemu iliyoitwa Kibera ya Zamani. Huko ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Mazungumzo huko huitwa nyuzi. Mtu anaanzisha uzi, wengine wanajibu chini yake, na uzi unarefuka kadiri watu wanavyoongea.

Katika nyumba za mabati, mgeni ana kazi moja kabla hajapanga vitu vyake. Anapita mlango kwa mlango. Anabisha hodi, anasema mimi ndiye nimeingia chumba cha mwisho, nimetoka mahali fulani, anaamkia na kuondoka. Hata mlango uliofungwa anaugonga, kwa sababu huenda kuna mtu amelala ndani. Anayeruka hatua hiyo hukaa pale mwaka mzima akitazamwa kama mwizi. Moto ukitokea hakuna atakayekumbuka kumwita.

Nilifanya vivyo hivyo. Nilishuka hadi chini kabisa, kwenye nyuzi kongwe, maana wapangaji wa zamani ndio huamkiwa kwanza. Chini ya kila uzi nikaandika: Hodi, mimi mgeni, nilikaa Gatwekera. Nikimaliza mmoja napanda kwa unaofuata. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimekaa juu ya debe la rangi mlangoni pangu, jua likinichoma upande mmoja, nami nikijiona mtu wa heshima.

Sikujua jambo ambalo kila mwenyeji alilijua. Uzi wa zamani ukijibiwa, hupanda juu. Unakuja kwenye uso wa kila mtu kama ulioandikwa leo. Ugomvi uliokwisha zamani, matangazo ya vyumba vilivyokwisha kubomolewa, mtoto aliyepotea akapatikana na sasa ana ndevu, vyote nilivifukua na kuvileta mbele. Mmoja akauliza ni nani amefungulia kuku. Mwingine aliniandikia, “Mzee wa Hodi, tumekusikia. Ingia ukae.”

Nilicheka, nikaendelea. Ndipo nikafika kwenye uzi wake.

Jina aliloandikia lilikuwa la kubuni na halikunieleza kitu. Maneno ndiyo yaliyonikamata. Aliandika kwamba zamani alikuwa na jirani Gatwekera, Mluhya mmoja fundi wa rangi, na kilichowatenganisha kilikuwa bati moja. Bati lilikuwa na tundu la msumari. Alijua jirani yuko au hayuko kwa kuangalia kama tundu lina mwanga. Jirani huyo alikoroma kama anayesaga mahindi. Alfajiri yeye hugonga bati na kuuliza, omera, uko? Jirani naye hujibu, niko. Basi siku imeanza. Akamaliza hivi: “Siku hizi naamka nagonga ukuta, lakini huu ni wa mawe. Watu wa Gatwekera, mko?”

Chini yake hapakuwa na jibu hata moja.

Omera ni ndugu yangu, kwa lugha ya watu wa ziwani. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo kila siku. Siku tingatinga lilipokuja, kila mtu alishika godoro lake na kukimbilia upande ulio wazi. Mimi nilipanda juu, yeye akashuka kuelekea reli. Hatukupeana namba, kwa sababu jirani wa ukutani hahitaji namba. Unagonga tu.

Tangu siku hiyo nimeishi vyumba vingi, na mara nyingi alfajiri, kabla akili haijatulia, nimesikia kidole kikigonga bati. Nanyamaza kusikiliza. Ni panya, au ni mama wa chumba cha pili anaweka sufuria. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, na sasa nilikuwa nimelikuta limeandikwa kutoka upande wa pili.

Nikaandika chini yake, “Niko, omera.”

Nikakaa na simu mkononi. Nilimngoja kama nilivyomngoja zamani akichelewa kugonga, nikikohoa kidogo ili ajue nimeamka. Asubuhi nilipofungua kulikuwa na majibu mengi, na hakuna lililotoka kwake. Mtu aliuliza kama huyu siye yule aliyefariki. Mwingine akauliza ni nani anayetumia akaunti ya marehemu. Mmoja aliandika kwamba ameamka, akafungua simu, akamkuta marehemu anamuuliza kama yuko, na chai imemshinda.

Kisha ukaja ujumbe wa keateka, kwa njia ya faragha. Aliandika kwa upole. Alisema ni kweli, homa ilimchukua yule bwana, na wengi pale walichanga kumsafirisha. Alikuwa akikaa Kawangware, nyuma ya kinu cha posho, chumba cha mawe. Dada yake anayeuza omena, dagaa wa ziwani, huko Kianda ameonyeshwa uzi ulivyopanda na jibu langu, na anataka kuniona.

Kinu hicho nakijua. Nilikuwa nimewahi kupaka rangi mlango wake. Kutoka chumbani kwangu unafika pale kabla sigara haijaisha. Aliandika “mko?” akiwa hapo, nami nikiwa hapa, na baina yetu palikuwa na vichochoro viwili vitatu na mama wa mboga.

Nilikwenda Kianda kwa miguu, kama niendavyo siku zote. Dada yake nilimtambua kwa paji la uso. Alikuwa akipima omena kwa mkebe, akimbishia mteja kwamba mkebe ni ule ule wa jana. Mteja alipoondoka akaniangalia kutoka viatu hadi kofia.

“Ndiyo wewe wa kukoroma?”

Nikasema ndiyo mimi.

Alinipa kigoda. Alinisimulia huku akiuza, akikatiza kila mteja anapokuja, kwa hiyo habari ile niliipata vipande vipande. Binamu yake ndiye aliyempigia simu na kumwambia, kaka yako leo anaongea, anauliza kama mko. Alimwaga omena chini. Hakuwahi kujua kwamba kaka yake aliandika chochote mahali popote. Alijua alikuwa na simu tu.

Kwa ukoo wao, alisema, mtu akifia mbali na nyumbani kuna mmoja wa kwao anayekwenda kwenye chumba alichokuwa akikaa. Anasimama ndani, anamwita kwa jina lake la nyumbani, anamwambia sasa twende. Halafu anasafiri naye. Njia nzima anamwambia wanapopita, asije akabaki kwenye njia panda. Yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo na mama yao. Lakini walimzika kwanza, maana safari ya maiti haikungoja, na aliporudi Kawangware kukifuata chumba, keateka wa ile ploti ya mawe alikwisha kukipangisha. Vitu vya kaka yake vilikuwa nje ukutani, vimenyeshewa. Ndani mlikuwa na msichana mgeni na mtoto mchanga. Alisimama mlangoni, msichana akamuuliza anatafuta nani. Angesema nini? Kwamba amekuja kumwita mfu kwenye chumba unacholaza mtoto?

“Nikasema nimepotea njia,” akaniambia. “Nikarudi. Mama ananiuliza kila nikipiga simu, ulimleta? Nasema nilimleta. Na sasa kaka anauliza watu kama wako.”

Nikajaribu kumfariji kwa yale machache niliyoyajua. Nilimweleza kwamba si kaka yake aliyeongea, ni mimi niliyejibu uzi wa zamani, nao ukapanda. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hivyo ni wewe umemwamsha.”

Nilivua kofia, nikaiweka gotini.

“Basi utanipeleka aliko.”

Nikamwambia hakuna mahali, ni mtandao. Akafunika omena kwa gazeti, akasema kila kitu kiko kwa nyumba ya mtu. Nikakumbuka yale maelezo ya mlangoni. Nikamwambia, ni Riruta.

Keateka alitupokea siku iliyofuata. Alikaa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitupa chai kabla ya kutuuliza habari. Ploti ile aliianzisha ili watu waliotawanyika wasipoteane, alisema, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuamua ugomvi wa mpira. Dada aliangaza macho sebuleni, akitafuta mashine. Alidhani itakuwa kubwa. Mimi pia nilidhani hivyo.

Ilikuwa juu ya friji, nyeusi, kama mkate uliofinywa, imewekewa kitambaa cha kufuma chini yake. Ilikuwa na taa moja ndogo ya kijani mbele. Taa ile ilikuwa na ukubwa ule ule wa tundu la msumari.

Keateka akaeleza mambo yalivyo, polepole, akimwangalia dada. Kila alichoandika kaka yako kiko hapa. Ploti nyingine zilizotaka kukisoma zilichukua nakala, ziko kwao. Mimi nikifuta, agizo linaondoka hapa linaenda kwa kila ploti iliyo na nakala, liwaambie wafute. Nyingi zinatii. Zingine sijui. Si zangu, siwezi kuingia kwa mtu.

“Futa,” dada akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nilimwomba abakishe kitu. Si vyote, ule uzi mmoja tu. Nilisema ndani yake kuna Gatwekera yetu, kuna bati, kuna asubuhi zetu, na kwamba mahali pale pamepita barabara na hakuna mahali pengine vitu hivyo vilipo. Nilisema mengi. Keateka alitazama kikombe chake. Nikasema hata mimi nimo mle ndani, nikikoroma.

Dada hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Jirani,” akasema, “wewe uliachwa na ukuta. Mimi mama ananiuliza mtoto wake. Sitampeleka nusu, nusu nyingine nikuachie wewe uwe unaongea naye.”

Kisha akaniambia nimsomee kwanza. Mara moja, kwa sauti, asikie alichosema, kwa sababu yeye alionyeshwa tu na binamu na macho yakamjaa maji. Keateka akafungua uzi kwenye kompyuta yake na kunisogezea. Nilisoma. Nilipofika kwenye kukoroma dada alicheka, kicheko kifupi cha puani, na nikajua kicheko hicho, kwa sababu nilikisikia kupitia bati kwa miaka. Nilisoma kuhusu ukuta wa mawe. Nikafika kwenye neno la mwisho. Mko?

Dada alisimama mbele ya friji. Akamwita kaka yake kwa jina la nyumbani, jina ambalo mimi katika miaka yote ya ujirani sikuwahi kulisikia.

“Tuko,” akasema. “Sasa twende.”

Akamtikisia keateka kichwa, naye akabonyeza.

Taa iliendelea kuwaka. Sijui nilitarajia nini, labda izimike. Keateka aliona ninavyoiangalia, akasema wengine wengi bado wanakaa humo.

Tuliteremka. Dada alikuwa amekwisha kuanza kuongea, sauti ya chini, bila haya. Hizi ni ngazi, tunashuka. Hapa ni lami, tunavuka, gari lipite kwanza. Hapa ni njia panda, sisi tunaenda huku. Vijana wa boda boda waliokaa kwenye kona waligeuka, wakamtazama, kisha wakanitazama mimi kana kwamba ndimi ninayeambiwa. Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Nilitembea hivyo hadi stendi, kama mtu anayesindikiza wageni wawili, na pale alipopanda gari alisogea dirishani na kuacha nafasi kando yake. Abiria mmoja akataka kuikalia. Sikusikia alichoambiwa, lakini alikwenda kukaa nyuma.

Baada ya siku chache alinipigia akiwa kwao. Kulikuwa na jogoo na upepo kwenye simu. Hakuniamkia. Alisema, “Tumefika,” akampa mama yake simu, na yule mama akasema maneno marefu kwa Kijaluo ambayo sikuyaelewa, isipokuwa neno omera mwishoni. Nikajibu ndiyo, ndiyo, hadi simu ikakatika.

Nilitakiwa kuishia hapo. Lakini mtu wa kuzurura huzurura hata kwa kidole. Majuma yaliyofuata nilianza kutembelea ploti nyingine, moja baada ya nyingine, kwa vile vichochoro alivyonieleza fundi mwenzangu. Nilijiambia natazama dunia. Kila nilipoingia, nilitafuta maneno yale yale. Ploti nyingi zilikuwa zimetii agizo, pale palipokuwa na uzi pameachwa pengo, na kila pengo nilipolikuta moyo ulishuka na kutulia kwa wakati mmoja.

Halafu nikafika kwenye moja ya mbali sana, sijui ya nchi gani. Ilikuwa kama ploti ambayo keateka wake alitoka akasahau kurudi. Hakuna mwenyeji aliyeandika kitu kwa muda mrefu, matangazo ya matapeli yameota kila mahali kama magugu. Katikati yake, uzi. Kukoroma, tundu, ukuta wa mawe. Mko? Na chini yake jibu moja tu, la mwisho kufika pale kabla mlango haujafungwa: Niko, omera.

Niliandikia anwani ya keateka wa pale nikimwomba afute. Hakuna jibu. Nikamuuliza mama wa Riruta, akasema agizo lilikwenda, lakini pale hakuna wa kulipokea. Alisema ukiandika chini ya uzi ule, maneno yako hayatatoka nje ya ploti ile. Yatabaki humo humo, wewe na yeye. Nadhani alisema hivyo ili kunitoa wasiwasi.

Dada sijamwambia. Amerudi Kianda, nikipita ananipimia omena mkebe uliojaa hadi ukamwagika, na ananiambia mama siku hizi hamuulizi tena. Namwangalia usoni, naona mtu aliyelala. Siwezi kumwamsha wa pili.

Lakini alfajiri, kabla sijawasha jiko, nafungua simu na kupita vichochoro vyote hadi kule. Anauliza, mko? Kidole changu kinajua cha kujibu, kama ulimi ulivyojibu miaka mingi. Nahesabu pumzi zangu. Upande wa pili wa bati langu la sasa jirani mpya anakohoa, ameamka, labda naye anangoja kusikia kama nimeamka. Aliyeitwa amekwisha kwenda kwao, na akisikia sauti yangu anaweza kugeuka arudi.

Nanyamaza, hadi kuche.